Wanawake waliopeleleza na kuuguza majeruhi katika vita vya Marekani

VITA vya wenyewe kwa wenyewe vilivyopiganwa nchini Marekani kati ya 1861 na 1865 aghalabu husimuliwa kwa majina ya wanaume: Rais Abraham Lincoln, Jenerali Ulysses Grant na hasimu wake, Jenerali Robert Lee. Hata hivyo, kulikuwa na maelfu ya wanawake walioiba siri za adui, wakawaficha wafungwa waliotoroka na kuwaosha majeruhi vidonda, wengi wao bila bunduki, cheo wala mshahara wa maana.

Kazi hizo mbili, ujasusi na uuguzi, huonekana kana kwamba hazihusiani. Moja hufanywa kwa siri, nyingine mbele ya macho ya watu. Lakini katika vita hivyo zote ziliguswa na jambo moja, nalo ni imani ya watu wa zama hizo kwamba mwanamke ni kiumbe dhaifu, asiyefahamu mambo ya siasa wala ya vita.

Imani hiyo iliwafungulia njia wapelelezi kwa kuwa ni wachache waliowashuku. Imani iyo hiyo iliwafungia wauguzi milango ya hospitali za kijeshi. Na vita vilipokwisha, ndiyo iliyowafanya wengi wao wasumbuke kwa miaka mingi wakidai haki yao.

Kiini cha vita

Kufikia 1860, Marekani ilikuwa na karibu watumwa milioni nne, wote wakiwa Waafrika na vizazi vyao, na wengi wao wakifanya kazi katika mashamba makubwa ya pamba, mpunga na tumbaku katika majimbo ya Kusini. Lincoln alipochaguliwa kuwa Rais mwezi wa Novemba mwaka huo, majimbo ya Kusini yalihofia kwamba utumwa ungepigwa marufuku. Jumla ya majimbo 11 yalijitenga na kuunda serikali yao chini ya Jefferson Davis. Makao yake makuu hatimaye yakawa mji wa Richmond, jimbo la Virginia.

Risasi za kwanza zilifyatuliwa Aprili 12, 1861, katika ngome ya Fort Sumter huko South Carolina. Kwa miaka mingi wanahistoria walikadiria kwamba watu 620,000 walifariki katika vita hivyo, ingawa utafiti wa miaka ya hivi karibuni unaonyesha kwamba huenda idadi hiyo ilifika 750,000. Karibu thuluthi mbili yao waliuawa na maradhi.

Ni muhimu kukumbuka pia kwamba Richmond na Washington, makao makuu ya pande hizo mbili, ilitenganishwa na umbali wa takriban kilomita 160 tu. Watu wa pande zote walizungumza lugha moja, walisali katika makanisa yanayofanana na wengi walikuwa na jamaa upande wa pili. Mazingira hayo yaliufanya upelelezi kuwa rahisi, na kila mgeni kuwa wa kutiliwa shaka. Kila mgeni, isipokuwa mwanamke.

Ujumbe ndani ya nywele

Mfano wa mapema zaidi ni wa Rose O'Neal Greenhow, mjane aliyeishi Washington na ambaye nyumba yake ilitembelewa na maseneta, mabalozi na maafisa wa jeshi. Wageni hao walipokuwa wakila na kunywa, walizungumza mambo ya serikali bila kujali kwamba mwenyeji wao alikuwa mfuasi sugu wa Kusini. Greenhow aliyasikiliza, akayaandika kwa alama za siri na kuyapeleka kwa Jenerali Pierre Beauregard.

Mnamo Julai 1861, alipata habari kwamba majeshi ya Kaskazini yalikuwa yakijiandaa kushambulia Manassas, Virginia. Alimtuma msichana aliyeitwa Betty Duvall, ambaye aliufunga ujumbe ndani ya nywele zake na kuvuka nao vizuizi vya askari. Kusini ilijiweka tayari, na vikosi vya ziada vikaletwa, baadhi yavyo kwa garimoshi. Katika vita vya Julai 21, majeshi ya Kaskazini yalishindwa na kukimbia kurudi Washington. Viongozi wa Kusini walimshukuru Greenhow kwa mchango wake.

Alikamatwa mwezi uliofuata na kachero mashuhuri Allan Pinkerton. Alifungiwa kwanza nyumbani kwake, kisha akatiwa katika gereza la Old Capitol pamoja na bintiye aliyekuwa na umri wa miaka minane. Baadaye alifukuzwa na kupelekwa Kusini, kisha akatumwa Ulaya kutafuta uungwaji mkono. Oktoba 1, 1864, akiwa njiani kurejea, mashua yake ilipinduka karibu na pwani ya North Carolina. Alizama akiwa amebeba sarafu za dhahabu mwilini.

Mwingine aliyeitumikia Kusini ni Belle Boyd, aliyekuwa na umri wa miaka 17 vita vilipoanza. Mnamo Mei 1862, alitoka mbio katika mji wa Front Royal na kwenda kuwajulisha askari wa Jenerali Stonewall Jackson kuhusu udhaifu wa kikosi cha Kaskazini kilichokuwa mjini humo. Alikamatwa zaidi ya mara moja, lakini hakunyongwa. Kwa mwanamume aliyepatikana na hatia kama hiyo, kitanzi kilikuwa karibu. Kwa mwanamke, hasa mzungu wa tabaka la juu, majaji na majenerali walisita.

Jasusi katikati ya Richmond

Upande wa Kaskazini nao ulikuwa na wapelelezi wake. Katika mji mkuu wa adui aliishi Elizabeth Van Lew, mwanamke tajiri aliyezaliwa mwaka wa 1818 na kusomea Philadelphia. Ingawa familia yake ilimiliki watumwa, yeye aliuchukia utumwa na hakukubali majimbo ya Kusini yajitenge.

Vita vilipoanza, aliomba ruhusa ya kuwapelekea vyakula, vitabu na nguo wafungwa wa Kaskazini waliozuiliwa katika gereza la Libby mjini humo. Majirani walimkasirikia, lakini maafisa waliichukulia kuwa huruma ya kike tu. Wafungwa nao walimpa habari kuhusu vikosi walivyoviona walipokuwa wakisafirishwa. Mnamo Februari 1864, maafisa 109 wa Kaskazini walipotoroka gereza hilo kupitia njia waliyoichimba chini ya ardhi, Van Lew na wenzake walikuwa miongoni mwa waliowasaidia kuficha na kuvusha baadhi yao.

Kufikia wakati huo alikuwa ameunda mtandao wa wakulima, mafundi na watumishi waliosafirisha habari hadi kwa makamanda wa Kaskazini. Ujumbe uliandikwa kwa wino usioonekana na kufichwa ndani ya viatu au katika maganda ya mayai yaliyochanganywa na mayai mazima.

Kuna masimulizi ya miaka mingi kwamba alijifanya mwendawazimu ili asishukiwe. Mwanahistoria Elizabeth Varon, katika kitabu alichokichapisha 2003, anaipinga hadithi hiyo. Anaeleza kwamba kinga ya Van Lew ilikuwa heshima yake. Watu wa Richmond hawakuweza kuamini kwamba mama wa familia inayojulikana, mwenye adabu zote za Kusini, angeweza kuwa msaliti.

Katika mtandao huo alikuwemo Mary Richards, mwanamke Mweusi aliyezaliwa utumwani katika familia ya Van Lew, akasomeshwa Kaskazini na kisha kupelekwa Liberia kabla ya kurejea Richmond. Mnamo 1865, akihutubu New York, alisimulia jinsi alivyoingia katika nyumba ya Rais Jefferson Davis kwa kisingizio cha kuchukua nguo za kufua, akapekua karatasi zilizokuwa ofisini. Ikiwa mwanamke mzungu hakushukiwa kwa sababu ya heshima yake, mtumishi Mweusi hakushukiwa kwa sababu hakuna aliyemfikiria kuwa anajua kusoma.

Van Lew aliomba arudishiwe barua zake kutoka Idara ya Vita mwaka wa 1866, akaziharibu kwa kuhofia usalama wake na wa wenzake. Wapelelezi wengi walifanya hivyo. Hii ndiyo sababu mengi kuhusu kazi yao yalikuja kujulikana miaka mingi baadaye, na mengine yalizikwa nao.

Tubman na usiku wa Mto Combahee

Miongoni mwa wanawake wote waliotumika katika vita hivyo, Harriet Tubman ana nafasi ya pekee kwa kuwa alikuwa jasusi na muuguzi kwa wakati mmoja. Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland karibu 1822. Utotoni alipigwa kichwani na kipande cha chuma kilichorushwa na msimamizi wa watumwa, jeraha lililomfanya asinzie ghafla maisha yake yote. Alitoroka 1849, kisha akarudi mara 13 hivi na kuwaongoza takriban watu 70 hadi kwenye uhuru.

Mnamo 1862, alitumwa Port Royal, South Carolina, eneo lililokuwa limetekwa na majeshi ya Kaskazini na kujaa watu waliokimbia utumwa. Huko aliwauguza askari na wakimbizi, akiwatibu ugonjwa wa kuhara damu kwa dawa alizozichemsha kutoka kwa mizizi na mitishamba. Alipoona kwamba watu walinung'unika kwa sababu yeye alipewa chakula cha jeshi ilhali wao hawakupewa, aliacha kukipokea. Jioni, baada ya kazi ya hospitali, alioka mikate ya tangawizi na kutengeneza vinywaji vya kuuza ili ajikimu.

Wakati huo huo aliongoza kundi dogo la wanaume Weusi, wengi wao wakiwa wenyeji wazoefu wa mito ya eneo hilo, waliopeleleza mashamba na ngome za adui. Watumwa wa mashambani ndio waliowapa siri, ikiwa ni pamoja na mahali ambapo adui alitega mabomu ndani ya maji.

Usiku wa Juni 1, 1863, Tubman aliandamana na Kanali James Montgomery na takriban askari 300 wengi wao Weusi katika meli tatu kuelekea Mto Combahee. Moja ilikwama mapema, lakini mbili zilipanda mto huo zikiepuka mabomu yaliyotegwa. Alfajiri askari walishuka, wakachoma maghala ya mpunga na nyumba za mabwana. Watumwa walimiminika ukingoni kutoka mashambani, wakiwa na watoto mgongoni na vyungu vya chakula vilivyokuwa bado vikifuka moshi. Zaidi ya watu 700 waliondoka utumwani siku hiyo, na wengi wa wanaume miongoni mwao wakajiunga na jeshi.

Hospitali zilizohofiwa kuliko risasi

Ili kuelewa uzito wa kazi ya wauguzi, sharti mtu afahamu hali ya matibabu ya wakati huo. Madaktari hawakujua bado kwamba viini ndivyo vinavyosababisha maambukizi. Mpasuaji aliweza kumkata askari mmoja mguu, akapangusa kisu kwa aproni yake na kumgeukia mwingine. Dawa ya usingizi ya klorofomu ilikuwepo, lakini jeraha lililooza halikuwa na tiba ya uhakika. Kambini, homa ya matumbo, kuhara, surua na malaria ziliwaua vijana ambao hawajawahi kumwona adui.

Kabla ya vita, kumhudumia askari hospitalini ilikuwa kazi ya wanaume, mara nyingi askari waliokuwa wakipata nafuu. Ilionekana kuwa aibu kwa mwanamke wa heshima kuosha miili ya wanaume asiowajua. Mfano wa Florence Nightingale, Mwingereza aliyeongoza wauguzi katika Vita vya Crimea katika miaka ya 1850, ulikuwa umeanza kuitikisa fikra hiyo.

Mnamo Juni 1861, serikali ya Lincoln ilimteua Dorothea Dix kuwa msimamizi wa wauguzi wanawake wa jeshi. Dix, aliyekuwa amejulikana kwa kutetea wagonjwa wa akili, aliweka masharti makali. Aliwataka wanawake wa kati ya miaka 35 na 50, wasio na urembo wa kuvutia, waliovaa nguo za rangi ya kahawia au nyeusi, bila vito wala mapambo. Alihofia kwamba wasichana warembo wangewapa madaktari kisingizio cha kuwafukuza wanawake wote. Malipo yalikuwa senti 40 kwa siku.

Zaidi ya wanawake 3,000 walitumika chini yake, na kwa jumla zaidi ya 20,000 walifanya kazi katika hospitali za Kaskazini wakiwa wauguzi, wapishi na wafuaji. Miongoni mwao ni Louisa May Alcott, aliyefika katika hospitali moja mjini Washington mwishoni mwa 1862. Baada ya wiki chache tu alishikwa na homa ya matumbo, akapewa dawa yenye zebaki ambayo yeye mwenyewe aliamini ilimharibia afya. Baadaye alipata umaarufu duniani kwa riwaya yake ya 1868, Little Women.

Clara Barton hakungoja kuajiriwa na Dix. Alikuwa karani wa serikali mjini Washington, na alipoona majeruhi wakifika bila hata bendeji, alianza kukusanya mahitaji na kuyapeleka mwenyewe vitani kwa mikokoteni. Septemba 17, 1862, huko Antietam, ambako takriban watu 23,000 waliuawa, walijeruhiwa au walitoweka kwa siku moja, risasi ilipenya kwenye mkono wa gauni lake na kumuua askari aliyekuwa akimnywesha maji.

Kusini nako, Sally Tompkins aligeuza nyumba moja ya Richmond kuwa hospitali. Serikali ilipoagiza hospitali za watu binafsi ziwekwe chini ya maafisa wa jeshi, Rais Davis alimpa cheo cha kapteni ili aendelee na kazi yake. Kati ya wagonjwa 1,333 waliolazwa humo, ni 73 tu waliofariki. Wengi huhusisha ufanisi huo na usafi aliousisitiza.

Kuna pia waliovuka mpaka wa jinsia kabisa. Sarah Emma Edmonds, mzaliwa wa Kanada, alijisajili katika kikosi cha Michigan kwa jina la Franklin Thompson, akawa muuguzi na mpeleka barua bila wenzake kujua kwamba ni mwanamke. Baadaye aliandika kwamba alifanya ujasusi pia. Alipougua malaria 1863 alitoroka jeshini, kwani kulazwa hospitalini kungefichua siri yake.

Shukrani ya punda

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Vita vilipomalizika 1865, wanajeshi walianza kulipwa pensheni, lakini wanawake waliambiwa wathibitishe utumishi ambao mara nyingi haukuandikwa popote. Ni mwaka wa 1892, miaka 27 baadaye, ambapo Bunge la Congress lilipitisha sheria ya kuwalipa wauguzi dola 12 kwa mwezi, mradi wawe walihudumu kwa muda usiopungua miezi sita na waliajiriwa rasmi.

Masharti hayo yaliwaumiza zaidi wanawake Weusi, ambao wengi wao walisajiliwa kuwa wapishi au wafuaji hata kama waliuguza. Susie King Taylor ni mmoja wao. Alizaliwa mtumwa huko Georgia 1848, akajifunza kusoma kwa siri mjini Savannah. Akiwa kijana wa miaka 14 alijiunga na kikosi cha askari Weusi cha South Carolina. Aliwafulia askari nguo, akawafunza kusoma na kuwauguza kwa zaidi ya miaka minne bila malipo. Hakupata pensheni ya uuguzi. Alichobakisha ni kumbukumbu alizozichapisha 1902, miaka kumi kabla ya kifo chake.

Tubman alipokea dola 200 pekee kwa utumishi wa takriban miaka mitatu. Mnamo 1898, alidai dola 1,800 kwa kazi yake ya uuguzi, upishi na kuongoza wapelelezi, lakini hakulipwa kiasi hicho. Alikuwa akipata dola nane kwa mwezi kwa sababu marehemu mumewe alikuwa askari. Mwaka wa 1899 ziliongezwa hadi dola 20, baada ya uuguzi wake kuzingatiwa. Alifariki Machi 10, 1913.

Van Lew aliteuliwa na Rais Grant kuwa mkuu wa posta ya Richmond kuanzia 1869 hadi 1877, lakini majirani hawakumsamehe. Aliaga dunia 1900 akiwa maskini na mpweke. Jiwe la kaburi lake liligharimiwa na watu wa Massachusetts, wakiwemo jamaa za mmoja wa wafungwa aliowasaidia.

Kisa cha Dkt Mary Walker kinaonyesha jinsi heshima iliyotolewa ilivyoweza kupokonywa. Alikuwa daktari aliyehitimu 1855, lakini jeshi lilikataa kumwajiri kama daktari kamili mwanzoni mwa vita. Alikamatwa na Kusini Aprili 1864, akashukiwa kuwa jasusi na kufungwa Richmond kwa miezi minne. Alitunukiwa Nishani ya Heshima 1865, ikafutwa 1917 pamoja na za mamia ya wengine. Alikataa kuirudisha na kuendelea kuivaa hadi alipofariki 1919. Ilirejeshwa 1977, na hadi leo yeye ndiye mwanamke wa pekee aliyewahi kuipata.

Barton naye aliendelea kufanya kazi baada ya bunduki kunyamaza. Alifungua ofisi ya kuwatafuta askari waliotoweka, akajibu makumi ya maelfu ya barua za familia na kusaidia kujua hatima ya zaidi ya watu 20,000. Mnamo 1881, alianzisha Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani.

Mabadiliko mengine yalichukua karne nzima na zaidi. Novemba 2024, jimbo la Maryland, ambako Tubman alizaliwa akiwa mali ya mtu, lilimpa cheo cha brigedia jenerali katika kikosi chake cha ulinzi, miaka 111 baada ya kufariki kwake. Cheo hicho hakiwezi kumfidia ujira aliounyimwa. Lakini kinakiri kile ambacho watumwa waliopanda meli katika Mto Combahee alfajiri ile walikifahamu fika, kwamba aliyewaongoza kutoka utumwani alikuwa askari.